Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, naanza na cherehani.

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha pili mjini Musoma. Tulipanga vyumba viwili Nyasho: mama, mdogo wangu na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama ni fundi wa kushona, na cherehani yake ya miguu ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba, maana ndiyo iliyolipa kodi, unga na ada. Mwaka huo kodi ya Musoma ikatushinda. Shangazi yetu alikuwa na fremu karibu na soko la Bunda, akamwambia mama, "Wifi, njoo, kona moja ya fremu ni yako." Basi tukaamua kuhama.

Mtu akamwelekeza mama kwenye "kampuni" ya kuhamisha vyombo. Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja, kalenda ukutani, na kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana. Tulikubaliana shilingi laki moja na nusu, laki moja tunatoa mkononi na hamsini tutamalizia Bunda. Hakuandika kitu. Alisema, "Mama, sisi tuko hapa kila siku, tutakukimbia tuende wapi?" Mama akacheka. Mimi pia nilicheka.

Siku ya kuhama dereva akasema sheria hairuhusu abiria kupanda na mzigo, tutangulie na basi. Tukatangulia. Jioni tukiwa Bunda simu ikalia: "Mama, tumekwama hapa Kiabakari, mzigo umezidi makubaliano, tuma elfu themanini la sivyo tunashusha." Mama akakopa kwa shangazi, akatuma. Lori likafika saa tatu usiku. Wakashusha haraka haraka gizani, wakadai elfu hamsini yao, wakapewa, wakaondoka. Asubuhi tukahesabu. Godoro moja halipo. Sufuria kubwa haipo. Kichwa cha cherehani hakipo, wametuachia miguu yake tu. Na kilichomliza mama zaidi, mfuko wa vitambaa vya wateja wake wa Musoma haupo. Vitambaa vile havikuwa mali yetu. Mama alivilipa kimoja kimoja kwa miaka miwili, akishona kwa cherehani ya kuazima.

Namba ya simu haikupatikana tena. Tuliporudi Musoma, mwenye nyumba akatuambia wale vijana walipanga kile chumba kwa mwezi mmoja tu. Polisi walitupokea vizuri. Askari akauliza, "Mna karatasi yoyote? Namba ya gari?" Hatukuwa na karatasi. Namba ya gari hatukuisoma. Nilichokumbuka mimi ni rangi ya buluu na maandishi ya nyuma ya bodi: Dua la Kuku. Kwa Kiswahili cha mitaani, tulikuwa tumeingizwa mjini.

Likizo ya Desemba tulikwenda kumsalimu bibi mzaa mama, kijijini, katika wilaya ambayo siku hizi inaitwa Butiama. Mama akamsimulia yote. Bibi hakumpa pole kwanza. Aliuliza swali moja tu: "Walisema watarudi?"

Mama akajibu, "Hawa hawakusema, mama."

Bibi akatikisa kichwa. "Wangu walisema."

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya lori la mwaka 1974. Darasani nilikuwa nimefundishwa Operesheni Vijiji nikaikariri pamoja na tarehe zake, nikapata alama zangu nikasahau. Sikujua kwamba ile historia ilipita na vyombo vya bibi yangu.

Tukumbushane kwa kifupi. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini, na humo alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vianzishwe kwa hiari ya watu wenyewe. Watu walihamia, lakini polepole. Zilianza operesheni za mahali mahali: Rufiji baada ya mafuriko, Dodoma wakati wa ukame mwaka 1971, kisha Kigoma. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu akatamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha mwishoni mwa mwaka 1976. Mwaka 1974 zamu ikafika kwetu Mara, na kwa jirani zetu wa Mwanza na Shinyanga.

Sababu zake zilieleweka. Watu walikaa mbalimbali, huyu mlima huu, yule bonde lile. Utawapelekeaje shule, zahanati na bomba la maji? Ni lazima wakae pamoja. Hilo hata bibi analikubali hadi leo. Shida yake haikuwa pale alipopelekwa. Shida yake ni jinsi alivyopakiwa.

Anasimulia hivi. Alikuwa ameolewa karibuni, ana mtoto mmoja mgongoni. Balozi wa nyumba kumi wa TANU alipita jioni akasema kesho lori linakuja. Asubuhi likaja kweli, na mgambo wanne. Lilikuwa la kaya tano. Kila mtu alikimbilia kupakia chake, na lori halina mdomo wa kusema nimeshiba, likajaa tu. Bibi alipakia kitanda, jembe, kuku na nguo. Vilibaki mitungi miwili ya maji aliyopewa na mama yake alipoolewa, jiwe la kusagia, mlango wa mbao ambao babu aliununua kwa fedha ya pamba, na kihenge kizima cha mtama. Mgambo mmoja akamwambia, "Mama, panda, tutarudi kuchukua vilivyobaki."

"Lori lilikuwa la nani, bibi?" nilimuuliza.

"Mlangoni lilikuwa limeandikwa," akasema. "Mimi nilikuwa sijui kusoma."

Walishushwa penye vigingi vilivyopigwa mstari, nyasi zimefyekwa, hakuna nyumba. Walilala nje. Lori halikurudi siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu bibi akaenda kwa miguu. Alikuta kihenge kitupu, mlango umeng'olewa, mitungi haipo. Jiwe lilikuwapo, limepasuka vipande viwili. Mimi kwa ujana wangu nikaruka: "Kwa hiyo serikali iliwaibia!" Bibi akanikatiza. "Hapana, mjukuu wangu, usiandike hivyo. Serikali haikuiba mtungi wangu. Serikali ilileta lori, ikasema itarudi, haikurudi. Mtungi uliibwa na mtu aliyejua kwamba hakuna atakayeulizwa."

Maneno hayo nimeyafikiri sana. Wale vijana wa Musoma walikuwa matapeli na watu wa 1974 walikuwa na amri na haraka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na siyachanganyi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho bibi na mama walikosa wote wawili. Kati ya mlango wa nyumba waliyotoka na mlango wa nyumba waliyokwenda, vyombo vyao havikuandikwa popote.

Mwalimu mwenyewe hakuficha makosa. Mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Hebu fikiri, msomaji, uhamaji wa namna hiyo katika miaka michache! Na humohumo alikiri kwamba kuna watu walitolewa penye maji ya kudumu wakapelekwa pakavu, na wengine walikusanywa bila taarifa wakatupwa kwenye kijiji kipya bila hata muda wa kutengeneza kibanda. Alisema pia kwamba si haki kuyafanya matukio hayo kuwa ndiyo sura ya kazi nzima. Nakubali. Lakini bibi ni mmoja wa waliolala nje, na kwake yeye usiku ule ndio uliokuwa sura ya kazi nzima.

Baadaye mambo ya ardhi yalifika mahakamani. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, watu wa huko Kambi ya Simba ambao ardhi yao iliguswa na Operesheni Vijiji, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba haki ya mtu juu ya ardhi yake ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa operesheni, kati ya 1970 na 1977, ili watu wasianze kufukuzana upya. Basi ardhi ilipata majaji na ilipata Bunge. Mtungi haukupata mtu. Bibi hajawahi kumpelekea yeyote kesi ya mtungi. Angeanzia wapi?

Labda utasema, bwana wee, mtungi ni mtungi tu. Lakini tazama historia ya mizigo katika nchi hii, utaona ni mizigo ya nani iliyokuwa ikiandikwa. Karne ya kumi na tisa misafara ilipotoka pwani kwenda bara, mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Mzigo ulipimwa na kufungwa, na msafara ulikuwa na mnyapara wa kuwasimamia wapagazi. Kwa nini uangalifu huo wote? Kwa sababu shanga na nguo zile zilikopwa, na deni lilikuwa limeandikwa katika vitabu vya matajiri wa Unguja. Mali ya tajiri ilikuwa na daftari tangu inaanza safari. Mpagazi mwenyewe na mkeka wake hakuna aliyemwandikia.

Njoo kwenye ziwa letu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini Kanda ya Ziwa hakuna mtoto asiyeijua habari hiyo. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa, ila wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wa tiketi ya bei ya chini walihesabiwa baada ya kufa, na hawakuhesabika wote.

Ndiyo maana nasema hadithi ya cherehani si ya cherehani tu. Mtu mnyonge huambiwa "panda, tutarudi", au huambiwa "mama, tutakukimbia tuende wapi?" na yeye mwenyewe huona aibu kudai karatasi, kama kwamba kudai karatasi ni kumtukana mwenzake. Tajiri haoni aibu hiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapahapa Musoma. Ikatoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri apate elimu ya msingi, na lengo liwe limetimizwa ifikapo Novemba 1977. Kwa hiyo katika mwaka mmoja na mkoa mmoja, bibi alipoteza kihenge, na mtoto wake aliyekuwa bado hajazaliwa akapata shule. Mama yangu alizaliwa katika kijiji kile cha vigingi. Akasoma shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Kule mlimani asingesoma. Mama anajua kuandika vizuri, mwandiko wake unanishinda. Vipimo vya wateja, kifua, kiuno, mkono, vyote ameviandika katika daftari. Na mimi mwanawe nilikuwa kidato cha pili, nasoma hadi Kiingereza.

Bibi alisimama mbele ya lori lenye maandishi mlangoni asiweze kuyasoma. Mimi miaka 42 baadaye nikasimama nyuma ya lori lenye namba nyeupe kabisa, naweza kuisoma, nisiisome. Nilisoma Dua la Kuku nikaona inachekesha.

Wahenga walishatuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisema methali hiyo kwenye mitihani ya Kiswahili, tunaeleza maana ya juu na maana ya ndani, kisha tunatoka nje tunampa mtu tusiyemjua kitanda, sufuria na kichwa cha cherehani, tunapanda basi.

Tangu hapo nimeuliza uliza, nikagundua mbinu zao ni zilezile kila mahali, iwe Mwanza, Dar es Salaam au huku kwetu. Kwanza watakupa bei ya chini kuliko wote ili uache kuuliza. Pili watakutenga na mzigo wako. Tatu watasimama katikati ya safari na kudai nyongeza, kwa sababu wanajua roho yako iko juu ya lori. Nne watashusha usiku, kwa haraka, ili usihesabu. Mwenye ofisi ya kweli naye yupo, na wako wengi wanaofanya kazi kwa uaminifu kwa fedha kidogo. Ila mwaminifu hutamnyima raha ukimwomba aandike. Atakayekunja uso, hapo umepata jibu lako kabla hujapakia.

Sheria nayo haikutuacha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu kama mtu wa busara angetunza yake. Hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Lakini mahakama haina masikio ya kusikia mlichoongea Nyasho juzi. Inataka ushahidi. Magari ya mizigo ya biashara yana leseni, na tangu mwaka 2019 mdhibiti wake ni LATRA. Namba ya gari ndiyo mlango wa kuingilia huko. Bila namba unabaki na rangi ya buluu.

Wenzangu mnaoandika, nilikuwa na ndoto ya kuanza na riwaya. Nilikuwa nimesoma Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1979, nikajua kumbe kuhamia vijijini kunaweza kuwa riwaya. Nikanunua daftari kubwa, nikaandika sura ya kwanza mara nne, zote zikafa. Safari hii nimeona nianze na yaliyotokea. Nendeni mkawaulize bibi zenu walipoteza nini. Wakisema "vyombo tu", msiondoke. Ulizeni chombo kimoja kimoja.

Mwaka 2022 mama aliamua kurudi kijijini kumtunza bibi, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Kazi ya kutafuta gari nikapewa mimi. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, nabangaiza Bunda mjini. Nikapata Fuso. Kabla ya kupakia nikatoa daftari, nikachora safu tatu: kitu, kilichopakiwa, kilichofika. Nikaandika namba ya gari, jina la dereva na bei. Nakala mbili. Dereva akacheka, "Dogo, kwani hatuaminiani?" Nikamwambia, "Tunaaminiana, kaka, ndiyo maana nakupa na wewe nakala yako." Akasaini. Nilipanda mbele pamoja naye na safari ilikuwa nzuri tu, tulipiga stori mpaka Kiabakari na kuendelea.

Tulifika jua bado lipo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akasema nisome kwa sauti. Nikasoma: kitanda kimoja, akaangalia, akasema kipo. Magodoro mawili, yapo. Cherehani, kichwa na miguu, ipo. Tulikwenda hivyo hadi mwisho, vitu 31, na dereva naye akawa anaitikia "kipo" kama kanisani. Nikamlipa fedha yake iliyobaki, akaondoka.

Nilipotaka kufunga daftari bibi akanizuia.

"Umeandika vyote?"

"Vyote, bibi."

"Ongeza. Mitungi miwili. Jiwe la kusagia. Mlango wa mbao. Kihenge cha mtama, kimejaa."

Nikaandika. Chini ya kilichopakiwa nikaweka sifuri, na chini ya kilichofika nikaweka sifuri. Bibi akaomba kalamu. Hakuwahi kwenda darasani, ila mama alimfundisha kuandika jina lake. Akaliandika hapo chini polepole, herufi moja moja, kisha akanirudishia kalamu yangu.